Mgongo Unaouma Mwaka Mzima: Shilingi Yako Iende Wapi?

Ingia duka lolote la dawa muhimu Kasulu mjini au Kibondo, mkoani Kigoma, sema kiuno kinakusumbua. Mara nyingi utakachopewa ni diklofenaki: vidonge vichache vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, vimetiwa kwenye kibahasha, na maelekezo ni kutwa mara tatu. Bei haimtishi mtu, na maumivu yanatulia kweli. Ndiyo maana mkulima wa mihogo na maharage anayeinama na jembe tangu alfajiri hurudi wiki inayofuata, na mwezi unaofuata, mpaka kidonge kinakuwa sehemu ya matumizi ya nyumbani kama chumvi.

Tupige hesabu. Tuseme kidonge ni shilingi 100. Mara tatu kwa siku ni 300, na kwa mwaka ni 109,500. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, mchango wa kaya ya watu hadi sita ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Mfumo wa bima unabadilika, kwa hiyo uliza kituoni kwako kiwango cha sasa, lakini uwiano unaonekana: mgonjwa mmoja anaweza kumaliza dukani michango ya kaya tatu na zaidi, bila kupimwa hata siku moja.

Na huenda kidonge chenyewe hakigusi kinachomuumiza. Mwaka 1971 mwanasayansi John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zina njia hiyohiyo. Zinafaa pale penye uvimbe, kama goti lililovimba au msuli uliovutika juzi. Lakini mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha, neva za uti wa mgongo zenyewe zinaweza kuwa nyepesi kushtuka kuliko kawaida. Hapo hata mguso mdogo unauma. Maumivu yaliyopita miezi mitatu yanaweza kuwa na sura hiyo. Ni ya kweli kabisa, wala mgonjwa hajidekezi, ila kumwongezea diklofenaki ni kumpotezea fedha.

Tena ni fedha inayonunua madhara. Diklofenaki ya muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, huchosha figo na hupandisha presha. Mwaka 2013 watafiti waliokusanya matokeo ya mamia ya majaribio walikuta kwamba dozi kubwa, miligramu 150 kwa siku, inaongeza kwa takriban theluthi moja hatari ya matatizo makubwa ya moyo na mishipa ya damu. Hiyo ndiyo kutwa mara tatu ya kidonge cha miligramu 50. Wanaodai sindano wakiamini ina nguvu zaidi wanalipia dawa ileile, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuumiza neva ya mguu. Tramado, dawa ya jamii ya afyuni, nayo si njia ya mkato. Jaribio la mwaka mzima lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti, na kuchapishwa 2018, lilikuta dawa za jamii ya afyuni haziwasaidii kufanya kazi zao kuliko dawa za kawaida.

Basi ununue nini? Kama ni goti au vidole, dawa ya kuchua yenye diklofenaki ni chaguo bora kuliko kidonge, kwa sababu kidogo sana kinaingia kwenye damu. Kama miguu inawaka moto au ina ganzi, hasa kwa mwenye kisukari, tatizo ni neva. Mweleze daktari hivyohivyo, maana kuna amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ambayo kwa dozi ndogo ya usiku huwasaidia wengi. Isinunuliwe kienyeji, wazee na wenye matatizo ya moyo wanahitaji uangalizi.

Mkanda wa kiuno uache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haushauri mikanda kwa maumivu sugu ya mgongo. Usikimbilie pia kupanda basi hadi Mwanza kutafuta picha kubwa ya mgongo, kama MRI, ikiwa hakuna dalili ya hatari: katika watu wa miaka 50 wasioumwa chochote, takriban 80 kati ya 100 wana diski zilizochakaa kati ya pingili kwenye picha. Utarudi na jina la ugonjwa, umetumia nauli na malazi, na mgongo ni uleule.

Mwongozo huo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mazoezi na elimu. Jaribio la Australia la 2024, lenye watu 701, lilikuta kutembea kwa mpango kunachelewesha maumivu kurudi: siku 208, dhidi ya 112 kwa wasiopewa mpango. Lakini mama wa Kibondo anayekwenda shamba kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani hahitaji kuambiwa atembee. Kwake ningeanza na mpini mrefu wa jembe, mzigo ugawanywe safari mbili, na mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe mazoezi machache ya kukaza mgongo, ambayo akishayajua hayamgharimu tena.

Lipo kundi moja lisilotakiwa kununua chochote dukani. Mgongo ukiambatana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali leo: Kibondo, Kabanga au Maweni, iliyo karibu. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa za kutuliza maumivu hukificha huku kikila mifupa, na dawa zake halisi katika vituo vya serikali hutolewa bure.