Usambara: Kesi Ambayo Haikufunguliwa

Ugomvi mkubwa juu ya misitu ya asili ya milima ya Usambara, mkoani Tanga, haukuamuliwa na hakimu. Ulimalizwa ofisini, tena kwa sehemu kubwa mbali na Tanga, na ndiyo maana misitu hiyo ilipona nusunusu.

Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, walikuwa wamekwisha kutoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe anayetambulika ni mali ya dola. Kwa amri hiyo Msambaa hakuwa na pa kushtaki pale kampuni ya Wilkins & Wiese ilipojenga njia ya waya ya kushushia magogo kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Mti wa mwangati ukashuka mlimani mpaka kwenye reli.

Baada ya uhuru mkataji akawa wa kwetu. Upande wa mashariki wa milima hiyo, kiwanda cha Sikh Sawmills kilikuwa chini ya TWICO, shirika la umma la mbao, na Finland ikakisaidia kwa mitambo. Mwaka 1982 Alan Rodgers na Katherine Homewood, waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachapisha utafiti ulioonyesha wingi wa viumbe wasiopatikana kwingine ila huku. Lawama zikafika hadi Finland. Kabla muongo haujaisha ukataji wa mitambo ulisimamishwa, fedha zile zile za msaada zikahamia kwenye uhifadhi, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini.

Nani angemshtaki nani? Mwenye msitu, mtoa leseni na mkataji wote walikuwa serikali. Hata haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi 1988, magogo yakiwa yamekwisha kuwa mbao.

Basi mfadhili aliona aibu, akaacha. Lakini aibu haitoi amri ya kurekebisha kilichoharibika, kama ambavyo hukumu ingetoa. Musizi, mti mgeni ulioletwa Amani enzi za Wajerumani, ukasambaa kwenye mapengo yaliyoachwa na matrekta, na mpaka leo unashindana na miti ya asili.

Sheria ilipopata meno, ilimuuma mnyonge. Huko Derema, upande wa mashariki, wakulima zaidi ya 1,000 waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili vipande vya msitu viunganishwe, na wengi walilalamika kwamba fidia haikutosha. Upande wa Lushoto, mti wa mkulo bado unapasuliwa kwa siri. Anayekamatwa ni kijana mwenye msumeno. Mnunuzi wa mbao hizo yuko mjini.

Kisingizio cha kukosa mlango wa mahakama hakipo tena. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kutetea mazingira, bila kuthibitisha kwanza kwamba shamba lake ndilo lililoharibiwa. Mawakili wa Tanga na kamati za mazingira za vijiji wakitumie, na waanze na wanunuzi.