Raga ya Kenya: kabla hujamlaumu kocha, uliza posho

Leo tuweke kandanda pembeni kidogo tuongee raga. Najua kuna watakaosema raga siyo mchezo wetu, lakini kutoka hapa Moshi mjini hadi mpaka wa Holili ni mwendo mfupi tu, na ng'ambo ya pale watu wanaibishania timu yao ya raga kama sisi tunavyoibishania Taifa Stars. Ubishi ni ule ule: kocha kamchukua nani, kamwacha nani, atimuliwe lini.

Kwanza tuelewane. Kenya wanatamba kwenye raga ya wachezaji 7, na timu yao inaitwa Shujaa. Mechi ni dakika 14 tu, 7 kila kipindi, lakini uwanja ni ule ule wa wachezaji 15. Kwenye mashindano timu hucheza mechi 5 au 6 ndani ya siku 2, na kikosi chote ni watu 12 au 13. Ukikosea kuchagua watu wawili tu, imekula kwako. Mbio peke yake hazitoshi, unataka watu wanaojuana kwa macho. Na kujuana huko kunakuja kwa kufanya mazoezi pamoja muda mrefu.

Ushahidi upo. Aprili 2016 kule Singapore, chini ya kocha Benjamin Ayimba (aliyefariki 2021), Kenya waliichapa Fiji 30-7 kwenye fainali. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza kwenye ligi ya dunia ya raga ya 7. Baadaye akaja Innocent Simiyu, na msimu wa 2017/18 wakafika fainali 2, Vancouver na Hong Kong. Zote walifungwa na Fiji, lakini timu ilikuwa moto.

Sasa sikilizeni mkasa. Juni 2018 kule Paris, wachezaji waliingia uwanjani wameficha nembo ya mdhamini kifuani, wakidai malipo. Miezi michache baadaye Simiyu hayupo, kaja Paul Murunga. Wakongwe wengi nao hawakuwemo kikosini msimu ulipoanza kwa sababu ya mvutano wa mikataba, wakaingizwa vijana. Timu iliyotoka kucheza fainali 2 ikawa inapigania kutoshuka daraja! Mwaka huo walinusurika. 2023 hawakunusurika, walishuka kule London kocha akiwa Mwingereza Damian McGrath, wakarudi 2024 chini ya Kevin Wambua.

Hebu niambie, mwaka ule wa Murunga kosa la uteuzi lilikuwa la nani? Kocha anachagua kati ya waliokuja.

Haya mambo nayajua kwa timu yetu ya mtaani, maana mabeki wetu wawili ni wagumu, yaani wanabeba mizigo ya wageni mlimani. Safari ya njia ya Machame ni siku 6 au 7. Wageni wakiwa wengi, Jumapili tunacheza bila mabeki. Kuna siku tulipigwa 5, tukamsema mwalimu mpaka akaacha timu. Akaja mwalimu mpya, na mabeki bado wako mlimani. Utawalaumu? Mlimani wanalipwa, kwetu wanapewa maji ya kunywa.

Sisemi kocha hakosei. Mnamkumbuka Maximo, 2006 hadi 2010, na ishu ya Juma Kaseja? Watu kibao walitaka Kaseja arudi golini Stars, mzee akagoma. Pale ubishi ulikuwa halali, kwa sababu kipa alikuwepo, anadaka kwenye klabu yake, na kocha kwa uamuzi wake kamwacha. Hilo ni la kocha kujibu.

Kwa hiyo kikosi kikitangazwa, iwe Nairobi au Dar, anza na swali moja: huyu aliyeachwa, alikuwa anapatikana? Kama ndiyo, mbane kocha. Kama hapana, nenda kawaulize viongozi wa chama kuhusu mkataba, posho na bima akiumia. Kufukuza kocha ni rahisi, inachukua barua moja. Kuwalipa wachezaji kwa wakati ndiyo kazi, na ndiyo maana viongozi wanapenda sana tubishane kuhusu kocha.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Hoja ruksa, matusi hapana.