Rejeta ya Kupandia Milima ya Bibokoboko

Juu ya mji wa Baraka, wilayani Fizi, Kongo, njia zinapoanza kupanda upande wa Bibokoboko, dereva wa gari la zamani hutupa jicho kwenye mshale wa joto mara nyingi kuliko anavyotazama mafuta. Ana haki. Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka yakifika nyuzi 97. Kwenye mita 2,000 katika milima ya Itombwe huchemka kwa nyuzi 93, na kwenye mita 3,000 kwa nyuzi 90 tu. Hewa nayo ni haba: kwenye mita 2,000 imepungua uzito kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya pwani, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inaondoa joto pungufu.

Mzigo wenyewe si mdogo. Chukua Land Cruiser FJ40 iliyopakiwa ikafika tani 2. Kuiinua kutoka ziwani hadi mita 2,000 kunadai megajuli 24, bila kuhesabu matope na mawe. Injini ya petroli ya enzi hizo hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu nyingine isiyopungua robo huingia kwenye maji ya injini, na kubwa zaidi hutoka na moshi. Kwa hiyo rejeta hupokea joto linalolingana na kazi yote ya kupanda, au kuizidi. Joto hilo linatosha kugeuza lita 10 za maji yanayochemka kuwa mvuke mtupu. Tena gari linatambaa kwa gia ya kwanza, upepo wa mbele hakuna, tegemeo ni feni peke yake.

Tatizo hili lina umri sawa na gari lenyewe. Wilhelm Maybach alilipatia jibu mwaka 1900 alipobuni rejeta ya Mercedes ya nguvu farasi 35: mirija midogo 8,070 iliyopangwa kama sega la nyuki, hewa ikipita ndani ya mirija na maji yakizunguka nje yake. Siku hizi mpangilio umegeuka, maji ndiyo yanayopita ndani ya mirija, lakini siri ni ileile: kuyapa maji na hewa eneo kubwa la kukutana.

Anayefufua gari la zamani na rejeta yake imekwisha, wauzaji wengi watamwelekeza kwenye alumini mpya, nyepesi, inayong'aa. Sibishi kwamba ni nzuri. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi, wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi moja, dhidi ya 235 za alumini safi. Lakini rejeta za kale zina mirija ya shaba njano, ambayo ni 110 hadi 120 tu, na mapezi yake yameshikizwa kwa lehemu ya risasi na bati. Mirija ya alumini inaweza kufanywa mipana, na mapezi yakaungana nayo vizuri. Kwa gari la barabara ya lami, linalowekwa kulanti mwaka mzima, ningechukua alumini bila kusitasita.

Fizi ni habari nyingine, na sababu ya kwanza imo ndani ya ndoo. Gari likichemsha karibu na ufuko, maji yanayochotwa ni ya ziwa. Maji ya Tanganyika yana alkali, pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2, na yamebeba magnesi nyingi pamoja na kalisi. Utando mwembamba wa oksidi unaoikinga alumini hutulia kati ya pH 4 na 8.5 hivi, ukivuka hapo unaanza kuyeyuka, na vitundu vinafuata. Shaba huvumilia zaidi. Hata hivyo haiponi na chokaa: kabonati ya kalisi, tofauti na sukari au chumvi ya mezani, huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata moto, kwa hiyo huganda palepale penye joto kali, kuzunguka silinda, kisha ndani ya mirija. Ukoko huo hupitisha joto mara mia kadhaa pungufu kuliko shaba. Kila maji yanapokauka na kuongezwa mengine, chumvi za jana hubaki na za leo zinajumlishwa juu yake. Dumu la maji ya mvua, yaliyokingwa bati likishaoshwa na mvua ya kwanza, ni mzigo wenye thamani kuliko spea nyingi.

Sababu ya pili ni ukarabati. Mshono wa shaba ukiachia, lehemu inayeyuka kwa nyuzi 190 au 250 kutegemea mchanganyiko. Fundi mwenye chuma kilichopashwa motoni kwenye mkaa, asidi ya kusafishia na kipande cha lehemu anaweza kuuziba. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini oksidi iliyoifunika huyeyuka baada ya nyuzi 2,000. Asiyekuwa na mashine ya gesi ya agoni huona ngozi ikigoma huku chuma cha chini kimeshageuka uji, na tundu la sindano linakuwa la kidole. Zile zenye tangi la plastiki lililobanwa kwa meno ndizo mbaya zaidi: plastiki ikipasuka kwa mtikisiko, gundi ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kwa hiyo nashauri kuokoa rejeta ya zamani kabla ya kununua mpya. Tangi la juu na la chini, pamoja na mabano yake, ndiyo yanayolipa gari sura yake halisi na kuifanya rejeta ikae sawa na feni. Fundi huyafungua na kuweka mirija na mapezi mapya katikati. Inauma kuona watu wakiuza rejeta ya shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo, katika nchi ambayo Katanga yake ilianza kuyeyusha shaba kiwandani mwaka 1911.

Rejeta ya kununua ichunguzwe kwa mkono. Washa injini ipate joto, izime, kisha pitisha kiganja polepole juu ya mapezi, mbali na feni: mstari uliobaki baridi ni mirija iliyoziba. Fungua kifuniko injini ikiwa imepoa na umulike ndani. Midomo ya mirija iwe wazi, isiwe na ukoko mweupe. Usivutwe na mapezi yaliyosongamana sana, maana vumbi na mbegu za majani ya mlimani hujaza nafasi hizo ndani ya muda mfupi. Wala safu nne za mirija si lazima zishinde tatu: safu ya nyuma inapokea hewa iliyokwisha kupata moto. Eneo la mbele likiwa pana, na feni ikiwa na kava lake la kuelekeza hewa, faida ni kubwa zaidi.

Kimebaki kifuniko. Chenye alama ya 0.9 (shinikizo kwa baa) kikiwa kizima huruhusu maji kufika karibu nyuzi 115 kabla ya kuchemka, hata kwenye mita 2,000. Themostati nyingi hufunguka kwa nyuzi 82 au 88, kwa hiyo dereva anapata nafasi ya kutosha. Lakini usiongeze hadi 1.1 kwenye matangi ya zamani yaliyotengenezwa kwa shinikizo dogo, kwa sababu mshono dhaifu kuliko yote utaachia kwanza, na utaachia mlimani.