MGAWANYO WA KAZI ZA MIRADI KWA WATENDAJI WA MUDA

Miradi mingi ya maendeleo huendeshwa na watendaji ambao si wa mradi huo pekee. Mhasibu huja siku mbili kwa wiki, mpima ardhi huazimwa kutoka idara nyengine, na ofisa wa takwimu hutoa asubuhi tatu kisha akarejea kwenye meza yake ya kawaida. Sababu zake zinaeleweka. Fedha za kumwajiri kila mtaalamu kwa mwezi mzima hazipo, na aghalabu kazi yenyewe ya mtaalamu huyo haijazi mwezi. Linalohitaji kuelezwa ni kazi ipi hukubali kugawika namna hiyo na ipi hukataa.

Sensa ya Watu na Makaazi ya 2022 ni mfano wa kazi iliyokubali. Makarani wake waliajiriwa kwa muda, walimu wakiwemo, na kila mmoja alikabidhiwa eneo lake la kuhesabia, ambalo mipaka yake ilikwisha kutengwa kabla ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Karani wa Makunduchi hakuwa na haja ya kumuuliza lolote karani wa Wete ili amalize kaya zake. Hesabu zilikutana mwishoni, na Zanzibar ikaonekana kuwa na watu 1,889,773.

Hali ilikuwa nyengine katika mradi wa kuangamiza mbung'o kisiwani Unguja, ulioendeshwa baina ya 1994 na 1997. Mbung'o walizalishwa Tanga, madume wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakaletwa Unguja na kumwagwa kwa ndege ili majike ya mwituni yapandwe bila ya kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996. Kukagua mitego ni kazi inayoweza kugawiwa kwa eneo na kwa siku. Lakini mdudu anayefugwa hula damu, wala hangojei zamu ya mlishaji wake; na kila wiki inayopita bila ya madume tasa kumwagwa ni nafasi kwa mbung'o wa mwituni kuzaana. Kazi kama hiyo, ambayo hatua moja husubiri nyengine, huhitaji mtu anayeiamkia kila siku.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuhesabu saa tu. Ichukuliwe kuwa mradi unahitaji saa 40 kwa wiki. Mtu mmoja akizitoa zote, huenda saa 3 zikapita katika vikao na kusoma majalada. Watu wanne wakitoa saa 10 kila mmoja, na kila mmoja akahitaji saa 3 hizo hizo, saa 12 zimekwenda na zimebaki 28, ilhali malipo ni yale yale. Aidha, njia za kuwasiliana huongezeka kwa kasi kuliko watu: watu 3 wana njia 3, watu 6 wana 15, na watu 10 wana 45. Frederick Brooks wa Marekani, aliyesimamia kazi kubwa ya programu za kompyuta katika kampuni ya IBM, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1975, akahadharisha kuwa kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huizidishia kuchelewa. (Katika vikao vya hapa huongezeka pia orodha ya posho, jambo ambalo Brooks hakulazimika kulihesabu.)

Ipo kazi moja isiyofaa kugawiwa hata kidogo, nayo ni ile ya kujua mradi umefikia wapi. Waratibu wakiwa wawili wa nusu siku, barua ya mkandarasi hulala mezani kwa mmoja huku kila mmoja akidhani mwenzake ameijibu, na wanaongoja ni wananchi ambao kisima chao hakijachimbwa. Mratibu wa muda anaweza kutosha, mradi awe mmoja na jalada likae kwake. Hali kadhalika, watendaji wote wakiwekewa asubuhi moja ya wiki ya kuwapo pamoja, maulizano mengi humalizika hapo hapo.

Barua ya kumwazima mtumishi nayo ni vyema itaje siku zake kwa majina, pamoja na nani atamwidhinishia likizo. Mtumishi mwenye wakuu wawili na barua isiyotaja siku hulazimika kuchagua mwenyewe amridhishe nani, na aghalabu humridhisha yule anayetia saini tathmini yake ya mwaka.