MGUU UKIFA GANZI, SHIKA KALAMU

Leo tuzungumzie jambo linalowasumbua watu wengi vijijini, lakini wengi hulificha. Ni ganzi, kutetemeka, miguu kukosa nguvu, au kuanguka ovyo. Homa hakuna. Jeraha hakuna. Mgonjwa hajui anaumwa nini, na majirani wanaanza kunong'ona.

Tuanze na mama mmoja wa darasa letu la kisomo. Jioni moja alikuwa jikoni anasonga ugali. Mtoto wake akapiga kelele, "Mama, mguu wako unaungua!" Kweli, kaa la moto lilikuwa limegusa kisigino, naye hakusikia kitu. Ndugu wa mumewe wakasema amelogwa. Yeye alikwenda zahanati mara tatu. Kila mara alisema, "Mguu unauma," kwa sababu aliona haya kusema kuwa mguu hausikii. Basi, kila mara akapewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani.

Habari hukatika wapi?

Ubongo ndio mkuu wa mwili. Kutoka kwenye ubongo inashuka kamba nene ndani ya uti wa mgongo. Kutoka kwenye kamba hiyo mishipa ya fahamu inaenea mpaka ncha za vidole. Hii siyo mishipa ya damu. Kazi yake ni kupeleka habari. Mguu unasema, "Hapa pana moto!" Jibu linarudi, "Ondoa mguu upesi!"

Habari ikikatika njiani, mtu hasikii moto, au anashindwa kuinua mguu. Inaweza kukatika kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, au kwenye mishipa ya mguu wenyewe. Kwa hiyo dalili moja inaweza kuwa na asili nyingi. Ganzi ya miguu, kwa mfano, huletwa na kisukari, ukoma, VVU, pombe nyingi ya muda mrefu, au upungufu wa vitamini. Hata dawa ya kifua kikuu inaweza kuileta. Lakini anayetumia dawa hiyo asiiache. Arudi kituoni aeleze, maana yapo matibabu ya vitamini B6.

Madaktari nao huuliza

Tusidhani kwamba daktari akimtazama mtu tu anajua yote. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula kule Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa huenda ni polio. Madaktari, akiwamo Hans Rosling kutoka Sweden, wakaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Mnakula nini? Mvua zilinyesha? Mnatengenezaje chakula?

Kumbe kulikuwa na ukame. Watu walibaki na mihogo michungu tu, na kwa sababu ya njaa hawakuisubiri siku za kutosha kuondoa sumu yake. Sumu hiyo ndiyo iliyohusika na kupooza kule. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina hilo limetoka Kongo, ambako daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Hata hapa kwetu, wilayani Tarime, ulizuka mwaka 1985. Miguu iliyokwisha kupooza kwa konzo haiponi kabisa, lakini ugonjwa wenyewe unazuilika kwa kutengeneza mihogo vizuri. Tunaona basi kwamba jibu lilipatikana kwa maelezo ya wananchi pamoja na vipimo vya damu na mkojo.

Daftari la mgonjwa

Tulimshauri yule mama afanye kitu alichojifunza darasani: aandike. Hata wewe msomaji unaweza. Chukua daftari la shule, andika haya:

1. Dalili ilianza lini? Ghafla au polepole?
2. Iko wapi? Mguu mmoja au yote miwili? Inapanda juu?
3. Inazidi, inapungua, au huja na kuondoka?
4. Unakula nini zaidi? Unakunywa pombe?
5. Umetumia dawa gani, za hospitali na za miti shamba?
6. Nani mwingine nyumbani au kijijini ana hali kama hiyo?
7. Kuna badiliko lolote jingine mwilini, hata kama unaliona dogo?

Kama mtu anaanguka na kupoteza fahamu, yeye mwenyewe hajui yaliyotokea. Aliyemwona ndiye aandike, tena amsindikize.

Mganga anaweza kukugonga goti kwa nyundo ndogo, kukugusa kwa pamba ukiwa umefumba macho, au kukuambia utembee. Usicheke, wala usibahatishe majibu. Kama husikii, sema sisikii. Asipopata jibu, muulize kwa heshima, "Je, naweza kupata barua ya rufaa?" Kukosa jina la ugonjwa leo siyo kusema kwamba huumwi.

Mama yule aliandika kurasa mbili. Katika namba 7 aliandika: "Baka mgongoni, mwaka wa pili sasa, haliwashi." Hakuwahi kulionyesha, maana aliona mguu na mgongo ni mambo mbalimbali. Mganga aliposoma mstari huo alimwomba alione baka. Akaligusa kwa pamba, mama hakusikia. Ulikuwa ukoma.

Ukoma unatibika. Dawa hutolewa bure, na humezwa miezi 6 au 12 kufuatana na aina yake. Mama alimaliza dawa akapona. Hata hivyo, ganzi ya ule mguu haikuisha, maana mishipa ilikuwa imekwisha kuharibika. Sasa havui viatu akiwa jikoni, na kila jioni anakagua nyayo zake. Alituambia, "Mwalimu, ningeandika mwaka wa kwanza, mguu ungekuwa wangu bado."

Usingoje daftari

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya: uso au mkono wa upande mmoja umelegea ghafla, degedege limezidi dakika 5, homa na shingo kukakamaa, miguu kukosa nguvu pamoja na kushindwa kuzuia haja, au mguu wa mtoto kulegea ghafla. Aliyeng'atwa na mbwa asingoje dalili zozote. Aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende akachanjwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Sisi tunaongeza: mwenye kalamu asiyafiche, ayaandike.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mama yule alipewa vidonge vya maumivu mara tatu?
2. Katika kijijI chenu mihogo michungu hutengenezwa kwa siku ngapi? Wakati wa njaa je?
3. Ni nani nyumbani kwako anayehitaji daftari la namna hii?