Fahamu: Kimondo ni nini, na kwa nini kinatafutwa?

Kimondo ni jiwe au chuma kutoka angani kilichonusurika kuungua kikipita kwenye angahewa, kikafika ardhini.

Kinatambuliwaje?
Cha chuma huwa kizito kuliko jiwe la ukubwa uleule. Kilichoanguka karibuni hufunikwa na gamba jembamba jeusi. Mabaki ya tanuri za kale za kuyeyushia chuma huwadanganya wengi. Kipimo cha maabara hutafuta nikeli.

Kimondo cha Mbozi
Kipo mkoani Songwe, Tanzania. Kina urefu wa takriban mita 3 na hukadiriwa kuwa na tani 16, karibu asilimia 90 ikiwa chuma. Wenyeji walikijua kabla mpima ardhi William Nott hajakiripoti mwaka 1930. Ncha yake moja bado ina alama ya msumeno, palipokatwa sampuli.

Ukiokota
Wakusanyaji hununua vimondo kwa gramu, lakini kipande kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kisayansi. Kipige picha kabla ya kukigusa, andika mahali, kisha uliza sheria ya nchi. Tafadhali, usikipime kwa sumaku kali: hufuta usumaku wa asili ambao huenda kimeubeba kwa mabilioni ya miaka.