Ujira Unapanda, Kibaba Hakijai

Alfajiri, kwenye barabara kuu inayoteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, baiskeli hushuka kwa kasi zikiwa na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa. Waendeshaji ni vijana wa vilimani. Kurudi, hung'ang'ania nyuma ya malori, roho mkononi. Kila kijana aliye juu ya baiskeli ni jembe moja lililolala nyumbani, na mvua za Septemba zikianza, mwenye shamba huhangaika kutafuta kibarua.

Ni ajabu kusema hivyo kuhusu Burundi. Nchi ina kilomita za mraba 27,834 tu na watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakulima. Mikono ipo tele. Ujira wa kuizuia isiondoke ndio haupo.

Kuondoka huku ni kwa zamani. Enzi za Wabelgiji, kodi ya kichwa, kazi za shuruti na kiboko viliwasukuma Warundi kwenda kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa, wengine hadi mashamba ya Tanganyika. Safari hiyo waliiita kwenda Manamba. Leo wajukuu wao wa Makamba, Rutana, Ruyigi na Cankuzo huvuka kwenda Tanzania kushika jembe la vibarua, wengi bila karatasi, wakihofia kukamatwa kabla ya kulipwa.

Sheria, kwa upande wake, ilibaki nyuma. Mwaka 1988 kima cha chini cha ujira kiliwekwa faranga 160 kwa siku mjini na 105 vijijini, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikuguswa. Faranga 160 sasa hazinunui hata andazi. Hakuna awezaye kumwita mtu shambani kwa bei hiyo. Kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare ya Imbo, siku ya kazi huhesabiwa kwa maelfu.

Lakini maelfu hayo ni mepesi. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha faranga kutoka takriban 2,100 hadi takriban 2,800 kwa dola, na mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kibarua hupokea noti nyingi zaidi na kurudi na maharage pungufu. Anayemlipa naye si tajiri: mashamba mengi hayafiki hekta moja.

Mwaka 1954 mwanauchumi Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia, alieleza kwamba viwanda vikishawachukua watu wa ziada vijijini, ujira hupanda kwelikweli. Kwetu kijana huacha jembe, asipokelewe na kiwanda. Hupokelewa na baiskeli ya Bugarama.

Wazee walikuwa na ikibiri, majirani wakilimiana kwa zamu. Kwa mjane asiye na fedha ya kibarua, desturi hiyo ingali msaada na inastahili kulindwa. Lakini haimwondolei kijana haja ya fedha. Kwa hiyo kima cha chini kiandikwe upya, na kihesabiwe kwa chakula: aliyelima tangu mapambazuko arudi na unga na maharage ya kuwatosha wa nyumbani siku ile, abakize na fedha ya daftari la mtoto. Hesabu hiyo ikikaa sawa, wapo watakaoiegesha baiskeli mvua zikianza.